Jumapili Ruvu: maji yanashuka

Wakuu, habari za jioni. Safari ya kuvua samaki mto Ruvu iko palepale. Tunakutana Stendi ya Magufuli, Mbezi, saa 10 alfajiri. Gari halimsubiri mtu.

Kwa jua hili Ruvu imeanza kushuka, ila msitazame anga la Dar mkajidanganya. Mvua ikinyesha usiku milima ya Uluguru, Ruvu inakoanzia, huku kwetu kukavu, mto unageuka rangi ya chai ya maziwa. Ukiukuta hivyo, perege msahau. Tia nyungunyungu na chubwi (kile kizito cha kuzamisha ndoana) nzito kidogo, shusha mpaka chini umngoje kambale. Yeye hutafuta kwa kunusa na kupapasa kwa sharubu. Maji yakiwa maangavu, mshipi mwembamba, ndoana ndogo, na kivuli chako kisiangukie majini. Jua likipanda maji yanapata moto, hewa ndani yake inapungua, perege anagoma kula. Kambale hajali sana, huibuka akavuta hewa ya juu. Ndiyo maana nawasumbua na hiyo saa 10.

Mamba wapo. Hakuna kuingia majini hata kunawa miguu. Ndoana ikikwama, kata mshipi.

Leseni mje nazo. Na nyungunyungu wasikae mfuko mmoja na chapati, tafadhali. Nani analeta chambo?