YAH: MALALAMIKO KUHUSU MADAI YA MALIMBIKIZO YA KODI YA PANGO

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Usimamizi wa Majengo,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

Nimepokea barua yenu inayonidai malimbikizo ya kodi ya fremu ninayouzia vitenge Kariakoo, na kunitishia kwamba nisipolipa mtaifunga kwa kufuli. Madai hayo nayapinga.

Mlipoanza ukarabati, mbele ya fremu zetu mlizungusha mabati, ukabaki upenyo ambao mteja mwenye furushi alipita ubavuubavu. Nilikusudia kuhama, na fremu Mtaa wa Aggrey nilikuwa nimeshaipata. Ninyi ndio mlioniletea barua yenye muhuri wa kampuni, mkisema kodi itashuka kutoka shilingi 900,000 hadi 600,000 kwa mwezi mpaka mafundi wamalize kazi. Kwa kuiamini niliiachia fremu ya Aggrey, akaichukua mwingine. Kila mwezi mhasibu wenu alipokea 600,000 na kuandika kwenye risiti, kwa mkono wake mwenyewe, "kodi imelipwa yote". Leo mabati yameondolewa, mnaidai ile 300,000 ya kila mwezi kwa hoja kwamba mkataba wa awali haukurekebishwa, hoja ambayo hamkuikumbuka wakati fremu za jirani zikibaki tupu.

Kifungu cha 123 cha Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 kinamzuia mtu aliyemfanya mwenzake aamini jambo na kutenda kwa imani hiyo asije kulikana katika shauri baina yao. Mkisema kifungu hicho hakigusi ahadi ya mambo yajayo, zipo kanuni za usawa za Uingereza (equity, yaani kanuni za haki zinazolainisha ukali wa sheria), ambazo sheria yetu ilizipokea kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Na shauri la Hughes dhidi ya Metropolitan Railway, ambamo mwenye nyumba alizuiwa kumgeuka mpangaji aliyetegemea mwenendo wake, liliamuliwa mwaka 1877, kabla ya tarehe hiyo. Katika shauri la High Trees la 1947, ambalo kwa kuwa ni la baada ya tarehe hiyo halizifungi mahakama zetu bali ni la ushawishi tu, kodi ya pauni 2,500 kwa mwaka ilipunguzwa nusu wakati wa vita. Jaji Denning alieleza kwamba pungufu la kipindi hicho lisingeweza kudaiwa, ila kodi kamili ilirudi nyumba zilipojaa wapangaji.

Nami sidai punguzo la kudumu. Mafundi wamemaliza, na kuanzia mwezi huu nitalipa 900,000. Ninachotaka ni mfute madai ya malimbikizo kwa maandishi ndani ya siku 14, na mthibitishe kwamba fremu haitafungwa. Nakala za barua yenu na risiti zote nimeziambatanisha.

Wenu katika biashara,
Mpangaji, fremu ya vitenge, ghorofa ya chini.