Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: tunaomba kipimo kimoja

Mheshimiwa Waziri,

Natumaini u mzima, na macho yako yanaisoma barua hii bila taabu. Ya mdogo wangu hayawezi.

Alikuwa mwaka wa mwisho chuoni jicho la kulia lilipoingia ukungu katikati. Haikupita miezi mingi la kushoto nalo likafuata, bila maumivu. Mjomba yalimkuta hayohayo ujanani. Hospitali ya kwanza ilimpa miwani (ahsanteni kwa miwani). Ya pili, daktari mmoja, Mungu ambariki, aliuliza habari za wajomba, akasema huenda ni ugonjwa wa Leber, unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho. Ila kuthibitisha, damu iende nje, na tulipe wenyewe kwa dola.

Juma lililopita wakwe wamerudisha mahari. Wanaogopa wajukuu vipofu. Mheshimiwa, kama ndio wenyewe, ugonjwa huu umo kwenye vinasaba vya mitokondria (vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati), ambavyo mtoto huvipata kwa mama. Mwanamume hawarithishi wanawe. Wa kuogopa ni mimi dada yake, mwenye watoto wa kiume, maana wanaume ndio hupofuka zaidi. Ningewaeleza wakwe, lakini kwa karatasi gani?

Hatuombi vinasaba vyote visomwe. Mabadiliko matatu tu ndiyo yanayopatikana kwa takriban asilimia 90 ya wagonjwa, na la kwanza lilijulikana tangu 1988. Mashine za PCR zilizopima korona nadhani bado zipo, au mmezifunika vitambaa? Labda sisi ni wachache mno, hatuna kura za kutosha.

Mwenye mabadiliko haya hukatazwa sigara, na akiugua kifua kikuu daktari hutakiwa kuwa mwangalifu sana na ethambutol, dawa ya kifua kikuu inayoweza kuudhuru mshipa huohuo wa jicho. Wanangu wakianza kukohoa, nimwambie nini daktari? Kwamba nahisi?

Najua jibu litamtaja mama. Heri atajwe na maabara; waganga na mawifi wameshamtaja vya kutosha.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mliipitisha 2023. Kwa wote, Mheshimiwa. Basi kipimo hicho kifanyike hapa nchini, na bima ikilipie. Mama yuko tayari kutoa damu, nami niko tayari, hata kesho asubuhi. Hicho kimoja tu, Mheshimiwa.

Wako mtiifu, bado,
Dada wa mgonjwa,
Morogoro