Aliniaibisha mbele ya kanisa, sasa anataka nimwombee

Shangazi, hujambo. Ni saa tisa usiku, huku Bahati mvua inanyesha na usingizi umenikataa kabisa. Wewe unajua makanisa yetu yalivyo, kwa hivyo sitazunguka sana.

Ni huyu kifungua mimba wangu, yule nesi. Kabla hujasema nimemlea vibaya, jua kwamba alikulia kwenye kwaya, na karo ya chuo cha uuguzi niliilipa kwa viazi na maziwa. Sina deni naye. Lakini alichonifanyia siku ile hakijanitoka moyoni.

Unakumbuka tetemeko la Uturuki na Syria, la tarehe 6 Februari 2023. Lilipiga alfajiri watu wamelala, kipimo cha 7.8, na mchana wake likafuata jingine lililokaribia nguvu zile zile. Walikufa zaidi ya watu 50,000. Shirika la Kikristo analofanyia kazi likampeleka Antakya, kwenye hospitali ya mahema. Mchungaji alipotangaza, alifungua Matendo ya Mitume sura ya 11, akatuonyesha kwamba Antakya ndiyo ile Antiokia, wanafunzi walikoitwa Wakristo mara ya kwanza. Tena njaa ilipotabiriwa, ni wao waliochanga kila mtu kwa uwezo wake, wakawatuma Barnaba na Sauli wapeleke msaada Uyahudi. Akasema sasa ni zamu yetu kuwachangia. Kanisa lote likasimama. Akina mama tukatoa sweta, soksi, blanketi na bahasha ya kumsindikiza. Na aliyezunguka nyumba kwa nyumba na kijitabu cha michango ni nani? Ni mimi.

Aliporudi tukafanya ibada ya shukrani, na pilau juu. Akaitwa mbele atoe ushuhuda. Akashika maiki, akasema, "Nawashukuru kwa sweta. Zilivaliwa. Ushuhuda sina." Akaketi. Mpiga kinanda akaokoa jahazi kwa pambio. Mimi nilibaki nikitazama viatu vyangu.

Nyumbani nikamuuliza, unakosaje ushuhuda, na tarehe 20 mwezi ule ule tetemeko la 6.4 lilipiga ukiwa huko huko na Mungu akakulinda? Si yeye mwenyewe aliyenipigia simu kwamba alishikilia mlingoti wa dripu ya mgonjwa mpaka ardhi ikatulia? Akanijibu, "Mama, nilikuwa ndani ya hema. Hema likikuangukia unajitoa. Gorofa ndizo zilizoua watu, na Mungu hakuzijenga." Eti wenye majengo walikwepa sheria, kisha serikali ikawasamehe kwa kulipa ada. Siku hizi tukishuka mjini Nakuru anasimama kwenye kila gorofa inayojengwa, anatazama unene wa vyuma vya nguzo, mpaka fundi mmoja akamuuliza kama ametumwa na kaunti. Nguvu za hayo anazo. Kusema asante Yesu mbele ya watu waliomchangia, hilo ndilo limemshinda.

Nyanya yangu alikuwa msichana kwenye shamba la mzungu kule Subukia, Januari 1928, tetemeko lilipopasua ardhi. Alitusimulia mpaka anakufa, na kila mara alimalizia na zaburi. Hakusoma hata darasa moja, na ushuhuda alikuwa nao.

Haombi tena, Shangazi. Yaani yeye anasema anaomba. Anasema kule waokoaji walikuwa wakitoa ishara, jenereta zinazimwa, magari yanazimwa, kila mtu ananyamaza, kisha mmoja anaita kwa Kituruki, "Kuna anayesikia sauti yangu?" Wanategea kama kuna anayegonga chini ya kifusi. Anasema tangu hapo maombi yake ni hayo, kunyamaza na kutega sikio. Sasa hayo ni maombi gani? Yetu yanasikika mpaka barabarani. Akija likizo tunalala chumba kimoja, na sijamsikia hata amina.

Na usidhani mimi siyajui majanga. Aprili 2024, maji yalipopasua tuta la reli huko Mai Mahiu na kukifagia kijiji cha Kamuchiri usiku, tulienda na lori la kanisa, naye akaja. Mimi niligawa unga. Akafika mama mmoja, leso yake imekaukiwa na tope mpaka imekakamaa kama bati. Nikampa pakiti mbili, nikamwambia Mungu ana mpango. Akanirudishia unga mkononi, akauliza kama tumekuja na jembe. Mumewe alikuwa hajapatikana. Binti yangu akaacha kazi yake, akaazima jembe kwa vijana, akaondoka na yule mama. Walirudi jioni, na njia nzima hakunisemesha. Nilisema nini kibaya? Si ndivyo tunavyosema sote matangani? Nilikuwa na foleni mbele yangu, ningesema nini kingine?

Mimi sijali watu wanavyosema. Lakini uchaguzi wa kikundi ulipofika hakuna aliyetaja jina langu, na kila mmoja wetu anajua ni kwa nini. Ni kwa lile neno, ushuhuda sina.

Sasa ameitwa tena. Myanmar, kwa tetemeko la tarehe 28 Machi 2025. Ndege ni wiki ijayo. Nimemwambia aache, amefanya ya kutosha, atulie aolewe. Halafu jirani aliposema hizo safari ni za kutafuta pesa tu, nilimfokea, nikamwambia angekuwa na mtoto kama wangu angefunga mdomo.

Juzi jioni alinikuta jikoni nikichagua maharagwe, akapiga magoti, mtu mzima hivyo. Akasema, "Mama, kabla sijaenda niwekee mkono kichwani uniombee. Kwa sauti." Kwa sauti! Yule yule aliyeninyima neno moja mbele ya kanisa. Nikamwambia aanze kwa kuwaomba radhi watu wa Mungu. Akasema sawa. Akavuta kigoda, akanisaidia kutoa mawe mpaka maharagwe yakaisha. Hajarudia kuniomba.

Usiniambie nisamehe, nilishasamehe zamani. Ninachotaka ni umwandikie hapa asome mwenyewe kwamba mama haaibishwi, ila asijue ni mimi niliyekuandikia. Au basi, usimwandikie.

Nimejaribu kulipanga hilo ombi usiku huu nikiwa peke yangu. Kila nikianza, yanayokuja mdomoni ni yale niliyomwambia mama wa Kamuchiri, nami nakwama hapo. Nimwekee mkono hata asipoomba radhi, Shangazi, au nishikilie msimamo? Na nikimwekea, niseme nini?

Kanisa letu usilitaje, huku wanasoma.

Mama Nesi,
Bahati, Nakuru