Barua kwa mwanangu: usijitoe kwenye pensheni

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi hapa Leicester hatujambo, babako mguu umeanza kunywea. Picha ya hati yako ya mshahara niliipata. Umepazungushia duara jekundu palipoandikwa pensheni, pauni 79.20, ukauliza kama waweza kujitoa, maana mjombako amekwambia heri pesa hiyo uitie kwenye ISA, ile akaunti ya hapa Uingereza ya kuweka akiba au hisa: utaitoa utakapo, na serikali haigusi faida. Nimeona nikuandikie, kwani kwenye simu tutaishia kuzungumza harusi ya binamuyo.

Kujitoa waweza. Ukijitoa ndani ya mwezi mmoja tangu mwajiri akuandikishe, unarudishiwa chako chote. Lakini hebu ipige hesabu kwanza. Mshahara wako ni pauni 30,000 kwa mwaka. Sheria haikati pensheni kwenye zote, bali kwenye kile kipande cha kati ya pauni 6,240 na 50,270. Kwako wewe ni 23,760, yaani 1,980 kwa mwezi. Humo wewe unatoa asilimia 4, serikali inakurudishia kodi asilimia 1, na mwajiri anatoa 3. Hiyo 79.20 yako ikiingia tu imeshakuwa 158.40, kabla haijanunua hisa hata moja. Ukijitoa, ile asilimia 3 ya mwajiri huongezewi kwenye mshahara, inabaki kwake. Mjombako anazungumza kodi tu, hili la mwajiri hakuligusa.

Hata tukimtoa mwajiri, hesabu ya kodi yenyewe haimsaidii sana. Chukua pauni 100 ulizozitolea jasho. Za ISA hukatwa kodi kwanza, asilimia 20, ukaweka 80. Zikizaa mara mbili ni 160, na huko mbele hudaiwi kitu. Za pensheni huingia 100 nzima, zikizaa vilevile ni 200. Robo yake unaitoa bila kodi, zilizobaki 150 zinakatwa asilimia 20, unaondoka na 170. Tofauti ni pauni kumi, si kitu cha kugombania. Ila siku ukipandishwa cheo ukaingia kwenye kodi ya asilimia 40, pensheni itazidi kukufaa, kwa sababu ukistaafu huenda ukakatwa 20 tu.

Sasa hapo penye kufuli. Mjombako anaona ni aibu pesa yako ikae mahali usipoweza kuifikia. Ya pensheni kwa sasa huigusi mpaka utimize miaka 55, na kuanzia Aprili 2028 itakuwa 57. Mimi naona hiyo ndiyo faida yake kubwa. Unatujua ukoo wetu. Kamati ya harusi ina kundi lake la WhatsApp, ya mazishi lake, na mtu wa Likoni akikuandikia saa nne usiku kwamba mtoto amefukuzwa shule kwa karo, mkono wako hauwezi kutulia. Ukiuza kilichomo kwenye ISA, siku chache tu pesa iko benki, na kutoka benki mpaka M-Pesa ya mtu ni dakika. Pensheni ni kibubu kisichovunjika. Unaweza kusema "sina" na ukawa husemi uongo.

Na usidhani naikataa ISA. Ipo tangu 1999, na kila mwaka wa kodi unaruhusiwa kuweka mpaka pauni 20,000, kiasi ambacho wewe na mimi hatutakifikia. Iwe ya akiba ya dharura, tiketi ya Mombasa, na hiyo michango ambayo najua utatoa nikikukataza nisikukataze. Anza na kidogo kila mwezi, baada ya pensheni kukatwa, si badala yake.

Kuna aina moja wanaiita ISA ya maisha, Lifetime ISA, na hiyo ifungue kabla hujatimiza 40. Unaweka mpaka pauni 4,000 kwa mwaka, serikali inaongeza robo, yaani 1,000. Ni ya kununua nyumba yako ya kwanza isiyozidi pauni 450,000, na huko Manchester zipo tele, au ya kusubiri mpaka ufike miaka 60. Ukiitoa kwa jambo jingine, wanakata asilimia 25 ya jumla. Weka 1,000, iwe 1,250, itoe: unapata 937.50. Umepoteza na chako. Kwa hiyo humo weka pesa ya nyumba tu.

La riba umeniuliza kwa kunong'ona, nami nakujibu kwa sauti, maana nawajua wenzetu waliojitoa kwenye pensheni kwa sababu hiyo, mwajiri akabaki na fedha yake. Pensheni si lazima iwe ya riba. NEST, mfuko ulioundwa kwa sheria ya pensheni za kazini, una fungu la kisharia, na mifuko mingine mingi inalo pia. Lakini hawakuweki humo wao. Usipochagua unatiwa kwenye fungu la kawaida, lenye hatifungani, yaani mikopo ya riba kwa serikali na makampuni. Ingia kwenye akaunti yako uchague mwenyewe. Kwenye ISA ni vivyo hivyo: ya fedha taslimu hulipa riba, ya hisa waweza kutafuta fungu la kisharia.

Jingine ni hilo la kurudi nyumbani, ambalo wewe hulifikirii na mimi silali kwa kulifikiria. Pensheni ya serikali, ile ya bima ya taifa, inataka miaka 35 ya michango uipate kamili, na isiyopungua 10 uipate angalau kidogo. Ukistaafia Kenya au Tanzania wanakulipa, lakini kiwango kinasimama pale pale ulipoanzia, bei zipande zisipande. Anayestaafia Mauritius anaongezewa kila mwaka. Mambo ya mikataba ya nchi na nchi, usiniulize haki iko wapi. Ndiyo maana mwenye nia ya kurudi Pwani asiitegemee hiyo peke yake. Na ISA, ukishahama Uingereza, huwezi kuiongezea tena, ingawa iliyomo inabaki yako.

Mjombako msalimie, wala usibishane naye. Nitumie jina la mfuko waliokuandikisha na tarehe uliyoandikishwa, Jumapili nikitoka zamu tuingie pamoja tutafute hilo fungu la kisharia. Fomu ya kujitoa usiijaze.

Mamako akupendaye