Barua kwa Mwanangu Aliyehamia Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na kazi mpya imeanza vizuri. Sisi huku Kirumba, Mwanza, hatujambo. Bibi yako anakusalimu, na kila siku anauliza kama unakula.

Ninakuandikia kwa sababu ya neno ulilolisema kwenye simu, kwamba chumbani kwako hakuna redio wala huoni haja yake, na kwamba tangu ufike huko hujashika kitabu. Ulilitamka kama jambo dogo, lakini mimi limeninyima usingizi.

Najua habari zimo kwenye simu, wala sikukatazi simu. Hofu yangu ni kwamba simu inakuletea yale uliyokwisha kuyapenda, vipande vipande, na siku inakwisha umesoma mengi bila kufika mwisho wa jambo lolote. Taarifa ya habari ya saa 2 usiku haikuulizi unapenda nini. Ukiwa unasubiri hali ya hewa, unasikia kwanza bei ya pamba, mgogoro wa ardhi katika kijiji usichokijua, na mjadala wa bungeni ambao usingeufungua kwa hiari yako. Hapa mwaloni, ufukweni tunakouza dagaa, redio si anasa. Dagaa wakishaanikwa, mvua ya muda mfupi tu inatosha kuwaharibu, kwa hiyo utabiri unapotaja mvua kubwa Kanda ya Ziwa, wanawake wote hunyamaza, aliye karibu na redio huongeza sauti, kisha tunaamua kama tuanike au tusubiri. Wote tumesikia neno lilelile kwa wakati uleule, na hakuna aliyenunua bando.

Utasema hayo ni mambo ya wauza dagaa, nawe ni mhasibu. Basi muulize bibi yako kuhusu mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni 2 nchini walijiunga na vikundi vya kusikiliza kipindi cha Redio Tanzania, wakasomewa kitabu kidogo kilichoandaliwa kwa ajili hiyo, wakajadiliana, kisha wakakubaliana kazi ya kufanya, kama kuchimba vyoo na kufukia madimbwi ya mbu. Bibi yako alikuwa ameolewa karibuni na hakujua kusoma. Kitabu kile ndicho cha kwanza alichokishika mkononi. Hata leo, akisikia kipindi cha afya redioni, huuliza, "Na kitabu chake kiko wapi?" Kwake yeye sauti na maandishi vilikuja pamoja, na mimi ningependa kwako visiachane.

Sasa nije kwenye kitabu nilichokikuta chini ya godoro lako. Nilifungua jalada, nikaona karatasi ya tarehe yenye mihuri ya maktaba, mmoja chini ya mwingine, mingine imefifia, na ule wa mwisho ni wako. Nimekirudisha na faini nimelipa. Msimamizi alipitisha kidole kwenye kurasa, akasema kuna mwanafunzi amekuwa akikiulizia. Na kitabu chenyewe ni cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, mtu aliyekimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, akangoja mpaka mwaka 1980 ndipo kikachapwa, na akafariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia. Kitabu kilichongojwa hivyo wewe unakilaza chini ya godoro? Lakini nikwambie pia kwamba nilifurahi kuona umekisoma mpaka karibu na mwisho, kwa maana alama yako ya karatasi bado ilikuwa ndani, na wengi hawafiki hapo.

Kwa hiyo nenda Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Jiandikishe mwezi huu, usisubiri mpaka upate nafasi, kwa sababu nafasi haiji yenyewe. Omba kitabu hichohicho ukimalize. Nitakuuliza.

Jumamosi nitakutumia mzigo kwa basi, utaupokea kituo cha Magufuli, Mbezi. Ndani kuna redio ndogo. Betri nimezitoa ili zisiishe njiani, nimezifunga kwenye kile kitambaa cha kijani. Kuna na dagaa, ambao usiwaache kwenye mfuko wa nailoni hata usiku mmoja katika joto la huko. Waanike tena kidogo kabla ya kuwahifadhi. Fundi wa bati bado hajaja, na mdogo wako anaomba umtafutie viatu vya shule, vyeusi, vya kamba, kwa kuwa vya huku vinaachia soli mapema. Nitakutumia kipimo cha mguu wake kesho.

Mama yako