Siku 28 hazikumfikisha arobaini ya baba

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nitoe hili jambo, limenikaa rohoni toka mwezi wa nane na najua hapa Lamu tuko wengi wenye ndugu ng'ambo ila halizungumzwi. Mtu akiwa na kakake Australia au Uingereza watu wanajua tu pesa zinakuja, masharti ya hizo pesa hakuna anayeyauliza.

Kakangu ameishi Perth zaidi ya miaka 20. Alikua anafanya kazi kwenye ghala akaumia mgongo, akapasuliwa mara mbili na mguu wa kushoto haujarudi sawa, anatembea na gongo. Serikali ya kule inamlipa pensheni ya ulemavu kila wiki mbili, ndo kodi ya nyumba ndo chakula ndo dawa. Sasa hio pensheni ukitoka nje ya Australia inakufuata siku 28 tu, na si 28 kila safari, ni 28 zote kwa jumla ndani ya miezi 12. Zikiisha malipo yanasimama. Zamani ilikua wiki 13, mwaka 2013 wakashusha mpaka wiki 6, alafu 2015 ndo ikaja hii ya siku 28.

Mwezi wa tatu baba alilazwa, kakangu akaja, na ukihesabu safari zikaenda siku 11. Baba akapata nafuu tukashukuru. Mwezi wa nane akafariki, Mungu amrehemu. Tulimzika alasiri ile ile, kakangu akafika siku ya nne, vijana wawili wakamshika kumtoa kwenye boti ya kutoka uwanja wa ndege wa Manda maana zile ngazi za jeti maji yakitoka ni mtihani hata kwa mzima, akapandishwa punda mpaka Langoni. Alikua amebakisha siku 17, na zinahesabiwa toka anatoka kule si toka anafika kwetu, kwa hio kubadilisha ndege Doha na kulala Nairobi kote kunamla siku zake. Arobaini hakuifikia. Mama yuko chumbani na eda yake, miezi minne na siku kumi, mwanawe wa kwanza anakuja kumuaga hata wiki tatu hazijaisha. Hakumuelewa. Mpaka leo ananiuliza ni kazi gani hio haimpi mtu ruhusa ya kumlilia babake, namwambia si kazi mama, hana kazi, angekua na kazi angeomba likizo.

Majirani walisema si abaki tu, pesa ni yake watamnyima vipi. Angebaki malipo yangesimama na mwenye nyumba Perth hangojei, na ukikaa nje muda mrefu zaidi pensheni inafutwa kabisa unaanza kuomba upya na makaratasi ya madaktari tena toka mwanzo. Mwengine akasema si kuna kuongezewa siku. Ipo, lakini kakangu aliambiwa ni kwa jambo lililokukuta ukiwa ushatoka, yani uumwe ukiwa Lamu au ufiwe ukiwa Lamu. Baba alifariki kakangu akiwa bado Perth kwa hio haikuhesabika, na hapo ndo nililia kweli, kwamba angekua amekuja siku mbili kabla hesabu ingekua nyengine.

Kuna na ruhusa ya kukaa nje bila kikomo, hio wanapewa wenye ulemavu mzito ambao imeonekana hawataweza kufanya kazi kwa miaka 5 ijayo, na unapimwa ukiwa kule kabla hujaondoka. Kakangu wamesema anaweza kufanya kazi masaa machache ya kukaa, hakupata. Mwenye ndugu wa hali nzito amwambie aulize hilo kwanza kabla ya kukata tiketi, wengi wanaondoka alafu ndo wanaanza kupiga simu wakiwa huku.

Sisemi Australia ni wabaya. Ile pensheni si pesa uliyokatwa mshahara ukawekewa, inatoka kwenye ushuru, kwa hio wanaona ni ya anayeishi kule. Marekani nako kuna mbili, ile ya ulemavu uliyoichangia ukifanya kazi kwa kawaida inakufuata hata nje, ile ya wasiojiweza inakatika ukikaa nje siku 30. Uingereza yale malipo ya wenye ulemavu yanayoitwa PIP yanaendelea mpaka wiki 13 ukisafiri, na ukienda kutibiwa mpaka wiki 26. Kwa hio usichukue habari za mtu wa London ukampa mtu wa Perth, sisi tulifanya hivo na tukaumia.

Ninachotaka kuuliza ni hiki. Pale Malindi tunaona wazee wa Kitaliano miaka na miaka wanaishi na pensheni zao zinawafikia, walichangia kwao na kwao wamewawekea njia. Australia ina mikataba ya hifadhi ya jamii na nchi zaidi ya 30, Italia imo, India imo, nchi ya Afrika hakuna hata moja. Mkataba si dawa ya kila kitu, mingi inawagusa zaidi wazee na wenye ulemavu mzito, huenda kakangu asingeingia. Lakini lazima mtu aanze kuuliza na kuuliza ni kazi ya serikali yetu. Tuna idara nzima ya diaspora, kila mwaka tunasomewa walivyotuma, 2024 ilikua kama dola bilioni 4.9, lakini yule aliyevunjika mgongo akizitafuta hizo dola nani anamzungumzia? Mbunge wetu naomba ulipeleke hili bungeni, na nyinyi wa gazeti mtuulizie pale wizarani kama kuna mazungumzo yoyote na wakisema hakuna mtuandikie hivo hivo.

Eda ya mama inaisha mwezi ujao. Anataka siku atakayotoka wanawe wote wawepo mlangoni, na zile siku 11 za mwezi wa tatu hazimrudii kakangu mpaka mwezi wa tatu mwengine. Bado sijamwambia mama.

Ni mimi dadake,
Langoni, Lamu