Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti, Chama Chetu cha Wafumaji Huku Marekani

Wanachama wenzangu, salamu. Mikutano ya mwezi ilifanyika, darasa la kusokota sufu limeendelea, misiba na harusi tumeshikana mkono kama kawaida, hayo mnayajua siyarudii.

Nije kwenye zulia maana ndilo limeleta maneno grupuni. Kamati iliniachia mimi nichague zulia la kufundishia, nikachagua la Wazapoteki, wenyeji wa asili wa kijiji cha Teotitlán del Valle, kule jimbo la Oaxaca, Meksiko, dola 900, na kuna wenzetu mpaka leo wanasema hela ile ingetosha mazulia matano ya nakshi hiyohiyo. Jamani, hiyohiyo kwa kuangalia mbali tu. Mengi ya bei rahisi yanafumwa India kwa kuiga Oaxaca. Hili letu ni sufu tupu, limefumwa kwa mkono kwenye kitanda cha kufumia cha kukanyaga kwa miguu, kile kilichokuja na Wahispania karne ya 16 pamoja na kondoo, ila watu wale ufumaji walikuwa nao zamani, wakifuma pamba kwa kitanda cha kujifunga kiunoni. Wekundu wake ni kochinila, kijidudu kinachokaa kwenye mpungate, ule mmea wa miiba, kinakaushwa kinasagwa, halafu ukitia ndimu rangi inakimbilia chungwa, ukitia magadi inakuwa zambarau, kwa hiyo zile rangi tatu mlizobishania ni mdudu mmoja. Bluu ni nili, njano ni ua la porini wanaloliita pericón. Rangi hizo huwezi kuzifundisha kwa zulia la kiwandani, na mimi nasimama hapohapo.

Na ile nakshi ya ngazi inayojikunja mwishoni, greca, iko kwenye kuta za Mitla, magofu ya jirani zao, vijiwe vimechongwa vikapangwa vikashikana bila hata udongo katikati. Maana yake haisemwi moja, kuna wanaoona hatua za maisha ya mtu, kuna wanaoona konokono, kuna wanaoona radi. Haya yote niliyafundisha mwenyewe mwezi wa sita, niliandaa usiku na mchana, tukawa watu 9 ukumbini. Chama kina watu 46! Iliniuma sana, na waliolalamikia bei karibu wote siku hiyo hawakuja kulishika hilo zulia.

Ada ndio usiseme. Waliolipa 19, wasiolipa 27, kila mmoja dola 60, jumla tunadai 1,620, mfukoni zipo 340 na kodi ya ukumbi bado. Mweka hazina amepiga simu mpaka amechoka, naomba mpokee basi.

Mwakani Mungu akijalia tungependa kumwalika mfumaji wa Teotitlán aje atufundishe kuchemsha rangi, au sisi twende, itategemea mfuko. Zulia lipo kwangu, limetunzwa vizuri, anayetaka kuja kuliona au kujifunzia anipigie kwanza.